Lenzi baada ya mtoto wa jicho: jinsi ya kulinganisha matokeo kabla hujachagua

Nahodha wa Kizingitini na mshona kofia wa Langoni, huku kwetu Lamu, wanaweza kutolewa mtoto wa jicho siku moja, na daktari mmoja, wakawekewa lenzi za aina moja. Nahodha atarudi baharini akiziona alama za mlango wa bahari bila miwani. Mshona kofia ataketi na kitambaa chake na tundu la sindano halioni. Lenzi zote mbili ni nzima, na upasuaji wote ulikwenda sawa. Ila hakuna aliyemuuliza mshona kofia jicho lake litafanya kazi umbali gani.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa na wa yule anayemsindikiza. Unaeleza namna ya kupima alichopata mtu baada ya lenzi, namna ya kulinganisha jicho na jicho, hospitali na hospitali, na namna ya kutumia majibu hayo kuchagua. Msimamo wetu tuuseme mapema: kwa watu wengi, usahihi wa vipimo vya kabla ya upasuaji na shabaha iliyochaguliwa, yaani nambari ya miwani ambayo jicho linakusudiwa kubaki nayo, huamua matokeo kuliko bei ya lenzi.

Nambari iliyobaki

Lenzi ya kupandikiza ina nguvu moja isiyobadilika, inayohesabiwa kwa dayopta, kipimo cha nguvu ya lenzi na cha nambari ya miwani. Jicho la mtu mzima lina urefu wa takriban milimita 23.5 kutoka mbele hadi nyuma, na jicho kama hilo huhitaji lenzi ya dayopta 21 hivi. Jicho refu huhitaji pungufu, jicho fupi huhitaji zaidi. Lenzi ikizidi au ikipungua, jicho hubaki na nambari ya miwani. Daktari Harold Ridley alipompandikiza mgonjwa lenzi ya kwanza London mwaka 1949, lenzi ilikaa, lakini mgonjwa alibaki na nambari ya takriban -18, kwa kuwa hesabu ya nguvu haikuwa imejulikana bado. Hesabu hiyo sasa inajulikana vizuri, na ndiyo unayopaswa kuiulizia.

Nambari iliyobaki husomwa hivi. Ikiwa sifuri, mtu huona mbali bila miwani na kwa kusoma atahitaji miwani ya karibu +2.50. Ikiwa ni ya kutoa, gawa 100 kwa nambari hiyo na utapata sentimita ambazo jicho linaona safi kabisa bila miwani: -1 ni sentimita 100, -2 ni 50, -2.50 ni 40, -3 ni 33. Ikiwa ni ya kujumlisha, hali ni mbaya kuliko zote, kwa sababu jicho halioni vizuri mbali wala karibu. Ndiyo maana daktari anayelenga kuona mbali huelekeza shabaha kidogo upande wa kutoa, -0.25 hadi -0.50, ili hesabu ikikosea kidogo isiangukie kwenye kujumlisha.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kliniki, chukua futi ya fundi cherehani upime kazi zako. Pima kutoka kwenye nyusi hadi msahafu unapokaa kwenye marufaa, hadi kofia unayoshona, hadi patasi ya fundi wa milango, hadi nyavu unazoshona. Andika sentimita. Daktari akiambiwa "nataka kuona vizuri" hana la kuhesabu. Akiambiwa "kazi yangu iko sentimita 38, saa sita kwa siku, na sipendi miwani nikifanya kazi" ana shabaha mkononi.

Aina za lenzi, na nani anufaike na ipi

Lenzi ya umbali mmoja ndiyo inayowekwa zaidi, na ndiyo tunayoipendekeza kwa watu wengi wa visiwani. Hutoa picha kali kuliko zote kwa umbali uliochaguliwa, huvumilia magonjwa mengine ya jicho, na makosa yake hurekebishwa kwa miwani ya kawaida. Iko ya plastiki ngumu, yenye upana wa milimita 5.5 hadi 6.5, inayohitaji tundu la karibu milimita 6, na iko laini inayokunjwa na kuingizwa kwa tundu la milimita 2 hadi 3. Ugumu au ulaini wenyewe hauongezi uwezo wa kuona. Tofauti iko kwenye ukubwa wa tundu, maana tundu kubwa hubadilisha kidogo umbo la konea, yaani kioo cha mbele ya jicho.

Lenzi ya toriki ni ya mtu ambaye konea yake haikupinda sawa pande zote, yaani mwenye astigmatizimu. Hufaa ikiwa kasoro hiyo ni dayopta 1.5 au zaidi na imepimwa vizuri. Lazima ikae kwenye mhimili wake, yaani mwelekeo wa kasoro hiyo: kila digrii inayozunguka hupoteza takriban asilimia 3 ya marekebisho, digrii 10 hupoteza theluthi, na ikifika digrii 30 fedha yote imepotea. Uliza kama mhimili utatiwa alama umekaa wima. Ukilala, jicho huzunguka kidogo, na alama iliyotiwa umelala hukosea.

Lenzi ya umbali zaidi ya mmoja hugawanya mwanga: sehemu kwa mbali, sehemu kwa karibu. Mwenye jicho safi na nambari iliyobaki chini ya nusu dayopta anaweza kuacha miwani kwa kazi nyingi. Gharama yake ni duara za mwanga kuzunguka taa na picha iliyofifia kidogo kwenye mwanga hafifu. Nahodha anayeingia mlango usiku, akitafuta boya na taa za mashua nyingine, hatumshauri aiweke. Vivyo hivyo mwenye kisukari kilichogusa retina (sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha), mwenye glakoma (presha ya jicho), au mwenye ugonjwa wa katikati ya retina: jicho lake lina mwanga mchache wa kutumia, halifai kugawanyiwa.

Njia ya nne haihitaji lenzi ya bei: jicho moja lilengwe mbali, la pili lilengwe karibu kidogo, -1.25 hadi -1.50. Ubongo huchukua picha iliyo safi. Jicho linaloongoza hupewa mbali. Kulijua, nyoosha mikono, tengeneza tundu kwa viganja, tazama mlingoti wa jahazi kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi, kisha funga jicho moja moja. Jicho linaloendelea kuona mlingoti ndilo linaloongoza. Usikubali tofauti ya dayopta 3 kati ya macho mawili: miwani itakuwa nzito upande mmoja, na picha zitatofautiana ukubwa hadi kichwa kiume.

Vipimo vya kabla, ambako makosa mengi huzaliwa

Mambo mawili hupimwa: urefu wa jicho na mpindo wa konea. Kosa la milimita 1 kwenye urefu huleta kosa la dayopta 2.5 hadi 3 kwenye matokeo. Kosa la dayopta 1 kwenye mpindo huleta takriban dayopta 1.

Urefu hupimwa kwa mwanga au kwa mawimbi ya sauti. Mashine ya mwanga haigusi jicho na ni sahihi zaidi, lakini mtoto wa jicho akikomaa na kuwa mweupe mwanga haupenyi, na hapo mawimbi ya sauti ndiyo njia. Kichwa cha mashine ya sauti kikigusa konea na kukandamiza kwa milimita 0.3 tu, jicho linasomeka fupi kuliko lilivyo, lenzi inachaguliwa kali mno, na mgonjwa anabaki na karibu -0.75 hadi -1. Dawa yake ni mpimaji mwenye mkono mwepesi, kurudia vipimo hadi vikubaliane, au kutumia kikombe cha maji ili kichwa kisiguse jicho kabisa. Pima macho yote mawili hata kama linalopasuliwa ni moja: urefu ukitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.3 bila sababu inayojulikana, omba kipimo kirudiwe.

Pwani yetu ina jambo lake ambalo halisemwi vya kutosha. Wavuvi na watu wa jua na upepo wa chumvi wengi wana kinyama kinachoota kutoka kona ya pua na kupanda juu ya konea. Kinyama hicho huvuta konea na kuharibu usomaji wa mpindo. Kikiwa kidogo, hakigusi sana hesabu. Kikiwa kimepanda milimita 2 au zaidi, kitolewe kwanza, jicho lipewe miezi hadi mpindo utulie, ndipo lenzi ihesabiwe. Ukiharakisha, kinyama kikija kutolewa baadaye mpindo utabadilika na lenzi iliyomo haitalingana tena.

Kwenye kambi za upasuaji, swali la kuuliza ni moja: je, kila jicho linapimwa na kupewa nguvu yake, au wote wanapewa nguvu ya wastani? Nguvu ya wastani humfaa mwenye jicho la wastani. Mwenye jicho refu atatoka na nambari ya kutoa iliyo kubwa, na mwenye jicho fupi na ya kujumlisha. Uliza pia kama nguvu uliyopimiwa ipo kwenye sanduku siku hiyo. Kusubiri mashua ya wiki ijayo na lenzi yako ni bora kuliko kuwekewa ya jirani.

Kupima matokeo nyumbani

Usilinganishe siku ya pili. Konea bado ina uvimbe, na mboni bado imepanuliwa na dawa. Kwa tundu dogo la mashine ya fako, inayomsaga mtoto wa jicho ndani ya jicho, subiri wiki 4. Kwa upasuaji wa tundu kubwa kidogo bila mshono subiri wiki 6 hadi 8, kwa kuwa mpindo wa konea huendelea kutulia. Miwani ya kudumu pia isitengenezwe kabla ya hapo.

Chati unaweza kuichora mwenyewe kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa. Chora herufi E ya mraba, upana sawa na urefu, na kila mstari na kila nafasi iwe moja ya tano ya urefu:

- Kwa 6/60: urefu milimita 87, mstari milimita 17.5
- Kwa 6/18: urefu milimita 26, mstari milimita 5.2
- Kwa 6/12: urefu milimita 17.5, mstari milimita 3.5

Namba hizo maana yake ni kwamba mwenye 6/18 anaona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima lingekiona kwa mita 18. Pima mita 6 kwa kamba, tundika karatasi usawa wa macho mahali penye kivuli chenye mwanga wa kutosha, kama barazani asubuhi. Mzee akae, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza. Geuza karatasi mara tano, akuonyeshe kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Akipata nne kati ya tano amepita. Hajui kusoma, haidhuru. Kisha jicho la pili, kisha yote mawili.

Angalia sana mwanga. Jua kali la mchana hubana mboni, na mboni ndogo husafisha picha hata kwa jicho lenye nambari. Jicho lilelile likipimwa saa sita mchana uwanjani na tena magharibi ndani ya nyumba litatoa majibu mawili tofauti. Pima saa ileile, mahali palepale, kila mara.

Halafu fanya kipimo cha tundu, ambacho kwetu ndicho chenye faida kuliko vyote. Toboa kadi ngumu kwa msumari mwembamba, tundu la milimita 1.2 hivi. Mtu aliyeshindwa 6/18 atazame kupitia tundu hilo. Akipita sasa, tatizo ni nambari, na miwani itamsaidia. Asipopata nafuu yoyote, tatizo liko ndani ya jicho: konea, utando wa nyuma ya lenzi, retina au mshipa wa jicho. Huyo arudi kliniki. Miwani ya dukani itamla fedha bure.

Mwisho pima karibu: maandishi au sindano, na sentimita kutoka kwenye nyusi. Kwenye daftari andika jicho gani, wiki ya ngapi, mbali bila miwani, mbali kwa tundu, mbali kwa miwani, karibu na umbali wake, na taa za usiku zikoje. Safu hiyo ndogo ndiyo inayofanya macho ya watu wawili yalinganishike. "Mimi naona vizuri" na "mimi sioni" haviwekwi kwenye mizani moja.

Kulinganisha hospitali na njia za upasuaji

Kila hospitali inayofuatilia kazi yake ina namba mbili, na unazitaka zote. Ya kwanza ni jinsi wagonjwa wanavyoona walivyo, na miwani yao kama wanayo. Ya pili ni wanavyoona kwa miwani iliyopimwa sawasawa. Mwongozo wa zamani wa Shirika la Afya Duniani ulitaka angalau asilimia 80 wafike 6/18 au zaidi kwa hali ya kwanza, asilimia 90 kwa ya pili, na wanaobaki chini ya 6/60 wawe chini ya asilimia 5. Siku hizi shirika hilo, kwa kupima ubora wa huduma ya mtoto wa jicho, linatumia 6/12. Ikiwa namba ya pili ni nzuri na ya kwanza ni mbovu, mikono ya daktari iko sawa ila vipimo au miwani vimelegea. Zote mbili zikiwa mbovu, uliza kuhusu upasuaji wenyewe na aina ya wagonjwa wanaopokelewa: hospitali inayopokea glakoma na kisukari kingi haiwezi kuwa na namba za ile inayochagua macho mepesi.

Uliza pia ni wagonjwa wangapi walirudi kupimwa. Namba zinazotokana na waliorudi wachache haziaminiki, maana aliye Kiunga au Ndau akiona vibaya huenda akabaki nyumbani.

Kwa usahihi wa lenzi peke yake, Uingereza mwaka 2009 kilipendekezwa kigezo cha asilimia 85 ya macho kuwa ndani ya dayopta 1 ya shabaha, na asilimia 55 ndani ya nusu dayopta. Kinatumika vizuri kama swali: "Macho yenu mangapi huangukia ndani ya dayopta moja?"

Kuhusu fako au tundu kubwa bila mshono, usidharau njia ya pili. Utafiti wa Nepal uliochapishwa 2007 ulizipambanisha. Miezi sita baadaye, waliofika 6/18 bila miwani walikuwa asilimia 85 kwa fako na 89 kwa njia ya tundu kubwa. Lakini waliofika 6/9 bila miwani walikuwa asilimia 54 kwa fako na 32 kwa nyingine. Kwa hiyo kwa kutembea, kuvua na kutambua watu, njia zote mbili zinafaa. Mwenye kazi ya macho makali anayechukia miwani atanufaika na fako. Mtoto wa jicho mgumu, mweusi au mweupe kabisa, mara nyingi hutoka salama zaidi kwa tundu kubwa, kwa sababu nguvu ya kumsaga ndani ya jicho hujeruhi konea.

Bei ilinganishwe kwa jumla: vipimo, lenzi, matone ya wiki nne, ziara za kufuatilia, miwani, pamoja na nauli ya mashua hadi Mokowe, basi na malazi. Mwenye SHA (bima ya afya ya serikali) aulize kabla ya tarehe ya upasuaji ni kipi kinalipwa, hasa kama lenzi anayoitaka si ya kawaida. Na tarehe ipangwe kwa hesabu ya bahari. Upasuaji wa mwisho wa Aprili huleta kipimo cha wiki ya sita katikati ya kusi, na watu wa Pate wengi hukosa ziara hiyo. Wakati wa kaskazi ni mwepesi zaidi.

Kuona kukishuka

Muda hukuonyesha sababu. Ukungu wa siku tatu za kwanza kwa kawaida ni uvimbe wa konea. Jicho lililoona vizuri kisha likafifia kati ya wiki ya 4 na ya 6, hasa kwa mwenye kisukari, huenda retina imevimba katikati. Hutibika likifikishwa mapema. Ukungu unaokuja polepole baada ya miezi au miaka mara nyingi ni utando wa nyuma ya lenzi. Watu husema mtoto wa jicho amerudi, lakini hawezi kurudi. Utando hufunguliwa kwa leza kwa dakika chache bila kisu. Kabla ya kuchagua hospitali, uliza leza hiyo iko wapi.

Maumivu yanayoongezeka, wekundu, usaha au kuona kunakoporomoka ndani ya wiki mbili za mwanzo ni dharura ya saa. Usingoje mashua ya kesho. Cheche za mwanga, vidoa vingi vya ghafla au pazia linaloshuka upande mmoja pia ni dharura, wakati wowote.

Maji ya bahari na ya kisima yasiingie jichoni kwa wiki 4 za kwanza. Udhu na sijda mzungumzie daktari kwanza, kisha sheikh wako. Kwa siku za mwanzo ruhusa ya kupangusa uso bila kutia maji jichoni hupatikana.

Jicho la pili

Kabla ya kutoka hospitali dai kadi au stika ya lenzi: jicho gani, nguvu, aina, tarehe. Kama mfuko wa lenzi ulipasuka na lenzi ikakaa mbele ya mahali pake, liandikwe pia, kwa sababu hapo nguvu hupunguzwa kwa nusu hadi dayopta 1, na anayesoma kadi bila kujua atadhani hesabu ilikosewa.

Jicho la kwanza likishatulia, lipimwe nambari iliyobaki na ilinganishwe na shabaha iliyoandikwa. Ikiwa shabaha ilikuwa -0.50 na limeangukia -1.50, kosa ni dayopta 1, na macho ya mtu mmoja mara nyingi hukosea upande mmoja. Madaktari wengi husogeza hesabu ya jicho la pili kwa nusu ya kosa hilo, baada ya kurudia vipimo. Fundi wa milango aliyeangukia -1.50 bila kukusudia pengine anachonga bila miwani na ameridhika. Huyo jicho la pili lilengwe mbali, na la kwanza liachwe lilivyo. Nenda na daftari, kadi na sentimita zako, na uombe shabaha ya jicho la pili iandikwe kwa nambari kabla ya siku ya upasuaji.